Historia ya Neno “Kuzimu” na Ndugu Zake



Kila tuishikapo rozari tunaanza na Kanuni ya Imani ya Mitume, na ndani yake tunakiri kwamba Bwana wetu, baada ya kufa na kuzikwa, alishukia kuzimu. Neno hilo tunalitamka upesi, tukiiwahi habari njema ya siku ya tatu. Nasi tukiulizwa kuzimu ni wapi, wengi wetu hujibu kwamba ni motoni, kwa shetani, mahali pa kutisha. Basi watoto wa mafundisho huuliza swali la haki kabisa: Je, Yesu alikwenda motoni kufanya nini?

Tunapoukaribia mwezi wa Novemba, ambao Kanisa limewawekea marehemu wetu, tumeona vema tafakari ya juma hili iwe ya historia. Tutalifuata neno hili moja hadi lilikotoka, tuwatazame na ndugu zake waliotawanyika katika Afrika nzima. Safari hiyo ina faida kwa imani yetu, kwa maana hofu nyingi tulizo nazo juu ya wafu wetu zimo ndani ya maneno tunayowataja kwayo.

NENO LENYE NYOTA

Kiswahili ni mmoja wa watoto wa jamaa kubwa ya lugha za Kibantu. Jamaa hiyo ina lugha zaidi ya 400, nazo husemwa kuanzia Kameruni hadi Afrika ya Kusini. Kingoni, Kindendeule, Kimatengo na Kiyao, lugha za majirani na wazee wetu hapa Ruvuma, zimo humo. Jina la “Bantu” kwa jamaa hiyo lilienezwa na mtaalamu Mjerumani Wilhelm Bleek, katika kitabu chake cha sarufi kilichoanza kutolewa mwaka 1862. Mwaka 1899 Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, alionyesha kwamba sauti za lugha hizi hulingana kwa kanuni. Kati ya mwaka 1967 na 1971 Mwingereza Malcolm Guthrie alichapisha mabuku makubwa yenye maelfu ya mizizi ya maneno iliyokusanywa kutoka lugha hizo.

Kanuni hizo twaweza kuzionja wenyewe. Tuchukue neno “ziwa”. Waswahili husema ziwa, Washona wa Zimbabwe husema dziva, Wazulu huita kidimbwi kirefu cha mto isiziba, na Watswana huita mahali pa namna hiyo bodiba. Sasa tuchukue neno “mzimu”. Washona husema mudzimu, Wazulu wana neno izimu, na Watswana husema Modimo. Penye z ya Kiswahili, Mshona ana dz, Mzulu ana z, Mtswana ana d. Maneno yote mawili yamefuata njia ile ile, na hilo haliwezi kuwa bahati. Ni alama ya kwamba yalitoka nyumba moja.

Kwa kulinganisha hivyo, wataalamu wamelijenga upya neno la mababu wa lugha zote hizi, nao huliandika hivi: *-dimu. Ile nyota iliyo mbele yake ni onyo la unyofu. Maana yake ni kwamba hakuna mtu aliye hai aliyelisikia neno hili, wala halikuandikwa popote. Limetambuliwa kutokana na watoto wake, kama mtu awezavyo kuikisia sura ya babu asiyemwona kwa kuwatazama wajukuu waliokaa pamoja katika ukumbi wa arusi.

Wataalamu wengi hukubali kwamba waliosema lugha hiyo mama walikaa karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni wa leo, kiasi cha miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Hata leo Waduala wa pwani ya Kameruni huwaita waliokufa bedimo. Kwa hiyo watu wale wa kale, ambao hawakuacha kitabu wala jiwe lenye maandishi, wametuachia ushahidi mmoja: walikuwa na neno la kumtaja mtu aliyekufa ambaye bado yupo. Maana hiyo ndiyo inayorudi mara nyingi zaidi katika lugha za watoto wao.

Wapo waliolihusisha neno hili na kitenzi “kuzima”, kama moto unavyozima na kama mtu anavyozimia. Katika Kiswahili maneno hayo hufanana sana. Hata hivyo hiyo ni dhana tu. Katika Kitswana, kwa mfano, kuzima moto ni go tima, kwa t, hali neno Modimo lina d. Kwa sababu hiyo hatutajenga mafundisho juu ya dhana hiyo.

WATOTO WA NENO MOJA

Tuwatazame sasa watoto wenyewe.

Huko Rwanda na Burundi, umuzimu ni roho ya mtu aliyekufa, na wingi wake ni abazimu. Huko Uganda, Waganda husema omuzimu na emizimu kwa maana iyo hiyo. Wakamba wa Kenya, ambao lugha yao imeidondosha kabisa ile sauti ya kwanza, huziita roho za wafu aimu. Kwa Washona, vadzimu ni wazee waliotangulia ambao bado wanaangalia ukoo wao.

Lakini wako watoto waliokwenda mbali. Kwa Wakikuyu, irimũ ni jitu la kutisha la hadithini linalokula watu. Kwa Wazulu, izimu ni mla watu. Kwa Waswahili tunaye zimwi, ambaye kila mtoto amesimuliwa habari zake jioni, na methali yetu yasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Marehemu aliyeheshimiwa kwingine, hapa amekuwa mnyang’anyi wa watoto.

Na wako waliopanda juu kabisa. Watswana na Wasotho humwita Mungu Mwenyezi Modimo, neno ambalo katika maandishi ya Lesotho huandikwa Molimo. Wakristo wa huko wakisali, humtaja Muumba wa mbingu na nchi kwa neno ambalo ni ndugu wa damu wa mzimu wetu.

Tuvuke tena Ziwa Nyasa tu, tuingie Malawi, nchi ambayo wengi wa Ruvuma wana jamaa huko. Katika Kichewa, Nafsi ya tatu ya Utatu Mtakatifu huitwa Mzimu Woyera. Woyera maana yake ni mtakatifu. Mkristo wa kutoka Songea aingiaye kanisani huko kwa mara ya kwanza na kusikia watu wakifanya ishara ya msalaba, huenda akashtuka moyoni. Neno ambalo kwake ni la makaburini na usiku, wenzake wanalitamka kwa utulivu wakimtaja Roho aliyemshukia Bikira Maria.

Jambo la namna hii halikutokea Afrika peke yake. Kilatini cha Kanisa humwita Mungu Deus. Wataalamu wa lugha za Ulaya na Asia wameonyesha kwamba neno hilo, pamoja na deva la Kihindi cha kale na dievas la Walithuania, ni watoto wa neno moja la kale, nalo pia huandikwa kwa nyota. Lakini Waajemi, ambao nao ni wa jamaa hiyo, walilitupa neno lao upande wa pili, na kwao div ni pepo mbaya. Waslavi walimwita Mungu kwa neno lao la kale bog. Watakatifu Sirili na Methodi walipowaendea kuanzia mwaka 863, hawakuwapelekea jina la kigeni la Mungu. Walilitwaa neno walilolikuta midomoni mwa watu, wakalitumia katika Injili na katika Misa. Papa Yohane Paulo II, aliyekuwa mwana wa Waslavi, aliwatangaza kuwa wasimamizi wa Ulaya pamoja na Mtakatifu Benedikto mwaka 1980.

Basi neno halina utakatifu wala uovu wa kuzaliwa nao. Hupandishwa au hushushwa na watu wanaolitumia. Yafaa tuulize, katika Kiswahili chetu, nani alilishusha na kwa namna gani.

KUTOKA KUNDI LA WATU

Jibu la kwanza limo ndani ya sarufi. Kila mwenye kusema lugha ya Kibantu anajua, hata kama hakufundishwa, kwamba majina yamegawanywa katika makundi, yaani ngeli. Watu wana ngeli yao: mtu na watu, mtoto na watoto. Miti ina ngeli yake: mti na miti, mto na mito. Vitu vikubwa na vya kutisha huwekwa mara nyingi katika ngeli ya jitu na majitu.

Katika Kinyarwanda wafu wamebaki katika ngeli ya watu. Wao ni aba-zimu, kama vile watu walivyo aba-ntu. Katika Kiswahili tunasema mzimu na mizimu, na tukiunganisha twasema “mzimu huu”, “mizimu ile”, kama mti huu na miti ile. Yule aliyekuwa mtu amehamia kundi la miti na mito. Waganda na Wachewa nao wamefanya vivyo hivyo. Na alipowekwa katika kundi la majitu, akawa zimwi.

Hata hivyo wingi ule wa zamani wa watu haukupotea. Kila inavyoonekana, umebaki katika neno “wazimu”. Leo tunasema “ana wazimu” tukimaanisha mtu aliyerukwa na akili, na mtu huyo tunamwita mwendawazimu. Asili yake ni kusema kwamba waliokufa wamemwingia. Mahali pekee ambapo Kiswahili kiliwaacha wafu katika sura ya watu ni katika jina la ugonjwa. Hilo lapasa kutuhuzunisha kidogo, tena kwa ajili ya pande zote mbili: marehemu waliosingiziwa, na wagonjwa wa akili ambao kwa muda mrefu walifungwa kamba na kufichwa, badala ya kupelekwa kwa mganga wa hospitali.

Tena Kiswahili kilipokea maneno mengi ya Kiarabu kwa njia ya biashara na dini ya pwani. Neno “roho” ni la Kiarabu, vivyo hivyo malaika, shetani na jini. Wafasiri wa Biblia na wa katekisimu walipotafuta neno la kumwita Roho Mtakatifu kwa Kiswahili, walilikuta neno “roho” likiwa tayari, safi na lenye heshima. Nao Wakatoliki wa Rwanda walilichukua hilo hilo, wakasema Roho Mutagatifu. Hivyo mzimu akaachiwa kazi za chini: mapango, mibuyu, na mahali pa matambiko. Mahali hapo penyewe Waswahili waliita mzimuni, na jina hilo limebaki hata katika kata ya Mzimuni, Dar es Salaam. Siku hizi hata watangazaji wa michezo husema kwamba timu inaandamwa na “mzimu wa sare”.

Na lile umbo la mahali, ku-zimu, likabaki kuwa jina la makao ya wafu. Kinyarwanda nacho kinalo: ikuzimu. Kwa asili halikuwa na moto wala mateso ndani yake. Lilimaanisha tu “kwao waliokufa”, kama vile tusemavyo kwetu, kwenu na kwao.

KALAMU YA MFASIRI

Jibu la pili limo katika historia ya wamisionari, na mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa Watswana. Robert Moffat, mmisionari Mprotestanti wa Kuruman, alichapisha Injili ya Luka kwa Kitswana mwaka 1830, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1857. Kwa jina la Mungu alitumia Modimo. Lakini alipofika penye mapepo ambayo Yesu aliyafukuza, alitumia neno badimo, yaani wingi wa neno lilo hilo kwa maana ya mababu. Mwaka 1999 mtaalamu wa Maandiko kutoka Botswana, Musa Dube, aliandika makala kali juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba msomaji Mtswana aliyeifungua Biblia kwa imani aliwakuta babu na bibi zake wakifukuzwa na Bwana na kuingia katika nguruwe. Kwa uamuzi huo wa mfasiri, Mungu aliachiwa neno, na wazee wakafanywa mashetani kwa neno lile lile.

Hatulisemi hili ili kuwalaumu wamisionari. Wengi wao walijifunza lugha zetu kwa jasho kuliko sisi wenyewe tunavyozitunza leo. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alitumia maisha yake kuandaa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotolewa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, na hadi leo watafiti huifungua. Hapa kwetu, Padre Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898 na baadaye akawa Askofu, alichapisha mwaka 1904 maelezo ya Kingoni na Kisutu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutuandikia kwa upana namna wazee wa Ungoni walivyosema alikuwa mtawa.

MAHOKA YA UNGONI

Wazee wa Ungoni hawakuwaita waliotangulia kwa neno mzimu. Waliwaita mahoka, na Mungu walimwita Chapanga. Lakini heshima ilikuwa ile ile: mahoka walikuwa ni watu wa ukoo, na Nkosi alikuwa na nyumba ya kuwakumbukia.

O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, katika kitabu chao juu ya vita vya Majimaji katika Ungoni kilichotolewa mwaka 1969, wameandika kwamba kabla ya vita mmisionari mmoja aliichoma moto nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa huko Maposeni, jirani na Peramiho. Vita vya Majimaji vilikuwa na sababu nyingi: kodi, kazi za kulazimishwa, na dharau ya watawala. Lakini jeraha la nyumba ile lilihesabiwa pamoja na mengine. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Spiss, akiwa safarini pamoja na mabruda wawili na masista wawili, aliuawa huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale. Mwezi wa Septemba misioni ya Peramiho ikachomwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Mputa na viongozi wengi pamoja naye mjini Songea, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, akanyongwa baadaye. Baadhi ya walionyongwa walikuwa wamebatizwa katika saa zao za mwisho. Kila Februari taifa huwakumbuka pale penye Makumbusho ya Majimaji.

Tukitazama vizuri, pande zote mbili zilizika wafu wao katika miezi ile. Kanisa linamwombea Askofu Spiss na wenzake. Je, tunamwombea Mputa? Tunawaombea na wale ambao hawakubatizwa, waliozikwa pamoja katika kaburi moja?

ALIKWENDA KWAO

Hapo ndipo tunaporudi kwenye Kanuni ya Imani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaeleza katika namba 632 hadi 637 kwamba kuzimu ya Kanuni ya Imani si motoni kwa waliolaaniwa. Ni makao ya wafu, ambayo Waebrania waliyaita Sheoli na Wagiriki Hade, wanakongojea wote waliokufa kabla ya Mwokozi, wema na wabaya. Yesu hakushuka ili kuifuta hukumu ya waliolaaniwa. Alishuka kuwakomboa wenye haki waliotangulia. Waraka wa kwanza wa Mtume Petro, sura ya tatu, unasema juu ya Kristo kuzihubiria roho zilizokuwa kifungoni. Na Biblia yetu ya Kiswahili hulitenga vema jambo hili, kwa kuwa mahali pa adhabu ya milele huitwa Jehanamu, neno lenye asili ya Kiebrania.

Basi mfasiri aliyeandika “kuzimu” katika sala yetu alichagua vizuri, pengine kuliko alivyojua. Ukiliondolea neno hilo vumbi la hofu lililojikusanya juu yake, Kanuni ya Imani inatwambia kwamba Mwana wa Mungu alikwenda kwao waliokufa. Alikwenda waliko Abeli, Abrahamu na Yosefu mume wa Maria. Kama alikwenda kwa wote waliotangulia, basi miongoni mwao walikuwamo na wale watu wa kale waliosema ile lugha mama ambayo leo tunaiandika kwa nyota. Walikuwa wamekwisha kufa miaka elfu na zaidi kabla ya Ijumaa Kuu. Hawakusikia jina la Yesu. Lakini neno lao la kuwataja wafu limedumu, nasi twalitumia kukiri mahali alikowafuata.

Mwaka 1969 John Mbiti, mwanateolojia Mkamba na padre wa Kianglikana, aliwaita marehemu wanaokumbukwa bado na jamaa zao “wafu walio hai”. Na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya Kanisa katika Afrika, alioutia sahihi mjini Yaoundé, Kameruni, tarehe 14 Septemba 1995, alikumbusha kwamba Waafrika husadiki kuwa wafu wanaendelea kuishi na kushirikiana nao. Akauliza kama hilo si matayarisho, kwa namna fulani, ya imani katika Ushirika wa Watakatifu. Tunafurahi kwamba maneno hayo yalitiwa sahihi katika nchi ile ile ambayo karibu na mpaka wake neno letu lilizaliwa.

Tusieleweke vibaya. Kanisa halituruhusu kuwaendea waaguzi ili kuwauliza wafu, na kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, kinalikataza jambo hilo waziwazi. Aliyeumwa apelekwe zahanati. Mwenye kudai kwamba mzimu wa marehemu fulani unaiua familia, akataja na jina la bibi kizee wa kulaumiwa, anatenda dhambi nzito, na tunajua ni vikongwe wangapi katika nchi yetu wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Lakini dawa ya uovu huo si kuwageuza wazee wetu kuwa mashetani. Hofu ya wafu ndiyo inayowapa waaguzi riziki yao. Mtu anayejua kwamba babu yake ni mtu bado, yumo mikononi mwa Mungu, na anahitaji sala kuliko mbuzi, mtu huyo hatauza shamba kumlipa mwaguzi.

ORODHA YA NOVEMBA

Sikukuu ya Marehemu Wote ya tarehe 2 Novemba ilienezwa na mtawa wa Kibenediktini. Mtakatifu Odilo, Abate wa Cluny huko Ufaransa, aliziamuru monasteri zilizo chini yake, kama mwaka 998 hivi, ziwaombee marehemu wote siku hiyo. Ni haki basi kwamba nasi tunaokaa jirani na monasteri ya Hanga, iliyoanzishwa kutoka Peramiho mwaka 1957, tuishike siku hiyo kwa uzito. Kengele ya watawa hutukumbusha kila siku.

Kila mwaka jumuiya ndogondogo huleta orodha za marehemu ili zisomwe au ziwekwe altareni. Majina tunayoyaona mengi ni ya ubatizo: Yohane, Maria, Benedikto, Skolastika. Tunapofika kwa mababu wa mababu, orodha inakoma, kana kwamba ukoo ulianza siku misioni ilipofika. Wapo wanaoona haya kuandika jina la Kingoni au la Kindendeule lisilo na jina la Kikristo mbele yake. Wengine huuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa.

Inaruhusiwa. Sala ya Ekaristi ya Nne huwakumbuka, pamoja na waliolala katika amani ya Kristo, hata marehemu wote ambao imani yao imejulikana na Mungu peke yake. Kanisa linaposali hivyo, halibahatishi. Linasimama juu ya Jumamosi Kuu, siku ile ambayo Bwana alikuwa kwao.

Kwa hiyo mwaka huu tunawaomba wenye familia wakae na wazee wao kabla ya tarehe 2 Novemba, wawaulize majina ya wale waliozaliwa kabla ya misioni, wayaandike kama yalivyo, na kuyaleta. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka, na jina likisahauliwa halijengwi upya kwa nyota kama mizizi ya lugha. Wanaotoka katika ukoo wa walionyongwa mwaka 1906, nao walete. Tutayasoma yote pamoja, ya waliobatizwa na ya wasiobatizwa, na baadaye tutaisali Kanuni ya Imani ya Mitume polepole.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Tuombeane.